Nilijifungua mtoto mfu nikiwa na miaka 17. Je, nitazaa tena?

Swali, kutoka kwa msomaji wa Kahama:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 20. Nilipata mimba nikiwa kidato cha pili, nikiwa na miaka 17. Uchungu ulinianza usiku nikiwa kwa bibi, nikakaa nao siku mbili, ndipo nikapelekwa hospitali kwa bodaboda. Nikapasuliwa, mtoto akatoka amekufa. Baadaye nilishikwa na homa karibu wiki nzima, na siku ya tatu maziwa yakatoka wakati mtoto hayupo. Sasa nimeolewa, huu mwaka wa pili. Nilikuwa nachoma sindano ya miezi mitatu, ya mwisho nilichoma miezi tisa iliyopita, na mimba haishiki. Mama mkwe anasema kizazi kikifunguliwa kabla hakijakomaa hujifunga, na mimba ya kwanza ikiharibika, zinazofuata zitaharibika vilevile. Wifi yangu ananiambia nikishika nyingine niseme kliniki kwamba ni ya kwanza, maana mtoto mfu hahesabiwi. Naomba unisaidie. Je, nitazaa? Na nitazaa kawaida au ni kisu tena?"

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Pole kwa kufiwa. Nimelitumia neno hilo makusudi, kwa sababu katika barua yako yote sijaona mahali ulipojiita mfiwa. Umeandika kwamba mtoto "akatoka amekufa", ukapita haraka kwenda kwenye homa. Yaelekea hata waliokuwa karibu nawe walipita haraka hivyohivyo. Umefiwa na mtoto, na hiyo pole ulistahili kupewa miaka mitatu iliyopita.

Sasa swali lako. Katika yote uliyoniandikia hakuna hata moja linaloonyesha kwamba hutazaa. Yapo mawili au matatu yanayotaka kuangaliwa, na nitakueleza, lakini hayo si kufunga kwa kizazi.

Nianze na sindano, maana nadhani ndiyo inayokunyima usingizi kwa sasa. Sindano ya miezi mitatu haiharibu kizazi. Ila katika njia zote za uzazi wa mpango zinazoachwa mtu akitaka mimba, hiyo ndiyo inayochelewa zaidi kumwachia mwanamke. Dawa hukaa mwilini na kutoka kidogo kidogo, na mayai hukawia kuanza tena kupevuka. Wanawake walioiacha ili wapate mimba walifuatiliwa: nusu yao walishika ndani ya miezi 10 tangu sindano ya mwisho, 68 kati ya 100 ndani ya miezi 12, na 93 kati ya 100 ndani ya miezi 18. Hesabu inaanzia siku uliyochomwa, si siku uliyotakiwa kurudi. Wewe una miezi tisa. Hujafika hata pale ambapo nusu ya wenzako walifika. Hedhi ikiwa bado inaruka mwezi au inakuja matone tu, hilo nalo ni la sindano, na litajirekebisha. Kama una jirani aliyetoa kijiti akashika mimba mwezi uliofuata, yeye alikuwa kwenye njia nyingine kabisa, usijipime naye.

La pili ni yale maziwa. Najua ni kumbukumbu chungu, kifua kimejaa na mikono mitupu, lakini mimi niliposoma sentensi ile nilishusha pumzi. Mwanamke akitokwa damu nyingi mno wakati wa kujifungua, kuna tezi ndogo chini ya ubongo inayoweza kukosa damu ikafa. Tezi hiyo ndiyo inayoamuru maziwa, hedhi na kupevuka kwa yai. Ikifa, dalili ya mwanzo kabisa ni kwamba maziwa hayatoki, kisha hedhi hairudi. Wewe maziwa yalitoka siku ya tatu kama inavyotarajiwa. Mwili wako ulikuwa unafanya kazi yake hata siku ile.

Homa ya wiki nzima ndiyo inayonifanya nikuombe uende ukaonwe. Uchungu wa siku mbili, maji ya uzazi yakiwa yamekwisha kupasuka, huacha mlango wazi kwa vijidudu, na upasuaji unaofanyika baada ya hapo hupata maambukizi kirahisi zaidi kuliko ule uliopangwa. Maambukizi yakipanda yanaweza kugusa mirija inayopitisha yai, ikashikana au kuziba. Wengi wanaopata homa baada ya kujifungua hutibiwa wakapona na mirija yao ikabaki salama. Lakini kama umekuwa na maumivu ya chini ya kitovu yasiyoisha, maumivu makali wakati wa tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu, usisubiri. Kama huna dalili hizo, subiri mpaka miezi 18 tangu sindano ya mwisho, mkikutana mara kwa mara, siku mbili au tatu kila wiki. Mimba ikiwa bado haijashika, nendeni hospitali ya mkoa au ya rufaa. Wewe utapigwa eksirei ya mirija, ambapo dawa hupitishwa kwenye kizazi na picha ikaonyesha kama inapenya mpaka mwisho.

Nimeandika "nendeni", nyote wawili. Mume wako apimwe mbegu siku hiyohiyo, na hata kabla yako, maana kipimo chake ni rahisi, hakiumi na majibu hutoka upesi. Katika ndoa nyingi zinazochelewa kupata mtoto, sababu iko kwa mwanamume peke yake au kwa wote wawili. Kama ana mtoto mahali pengine, hilo halimwondoi kwenye foleni. Mbegu za mwaka ule si lazima ziwe za mwaka huu.

Kuna jambo moja hukuliandika, nami nitaliuliza kwa sababu wanawake wengi hulificha. Baada ya ule uchungu, je, mkojo au haja kubwa hukutoka bila kujua? Kichwa cha mtoto kikikaa kimebana nyonga kwa saa nyingi, nyama iliyo kati ya njia ya uzazi na kibofu hukosa damu, ikafa na kuacha tundu. Hiyo ndiyo fistula, na wasichana wa mimba ya kwanza waliokaa na uchungu muda mrefu ni miongoni mwa wanaoipata zaidi. Inatibika kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila kuwatoza wagonjwa, na imewahi kutumia M-Pesa kuwatumia nauli wanawake walioshindwa kufika. Bugando, Mwanza, ambako ni karibu nawe zaidi, nako kuna mabingwa wa matibabu hayo. Kama halikukupata, mshukuru Mungu tupite. Kama lilikupata, litibiwe kwanza, mimba ije baadaye.

Sasa hili la mama mkwe, kwamba mimba ya kwanza huamua zote zinazofuata. Sitaki umkosee heshima. Wazee wetu waliona kitu cha kweli: waliona wasichana wadogo wakipoteza uzao wa kwanza, na baadhi yao wasizae tena. Walichokosea ni sababu. Aliyekosa kuzaa tena mara nyingi alikuwa na mirija iliyozibwa na maambukizi, au kizazi kilichopasuka kikaondolewa, au fistula iliyomfukuzisha kwa mumewe. Kizazi hakikukasirika kwa kufunguliwa mapema.

Nikuulize: uchungu ulipoanza usiku ule, ulikuwa bado unamsikia mtoto akicheza? Kama ndiyo, basi mtoto wako alifika kwenye mlango wa dunia akiwa mzima. Kilichomuua ni zile siku mbili. Hiyo ni habari tofauti kabisa na ya mama ambaye mtoto aliacha kucheza wiki kadhaa kabla ya uchungu. Yule ana kitu cha kutafutwa mwilini: presha, kisukari, kaswende, kondo la nyuma lisilofanya kazi. Wewe, zaidi ya yote, una muda wa kutokupoteza mara ya pili.

Mwaka 2015 yalichapishwa majumuisho ya tafiti kutoka nchi tajiri kuhusu wanawake waliopoteza mtoto hivyo katika mimba ya kwanza. Katika mimba ya pili, 2.5% yao walipoteza tena, ilhali kwa waliozaa mtoto hai mara ya kwanza ilikuwa 0.4%. Hatari imepanda, sikufichi, na kwetu tarakimu zote mbili ziko juu kuliko hizo. Lakini tazama upande wa pili: kati ya wanawake 100 waliopoteza mtoto wa kwanza, 97 hawakupoteza wa pili.

Umri nao umebadilika. Nyonga ya msichana huendelea kupanuka baada ya urefu wake kusimama. Watafiti wa Zurich walionyesha mwaka 2016 kwamba nyonga ya mwanamke hufikia umbo linalofaa zaidi kwa uzazi kwenye miaka ya 25 hadi 30. Na utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014, uliopita hospitali za nchi 29, ulipowalinganisha mama wa miaka 10 hadi 19 na wale wa 20 hadi 24, ulikuta wadogo wanapata zaidi kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua, na watoto wao huzaliwa zaidi kabla ya siku au wakiwa na uzito mdogo. Wewe umeshavuka kwenda kundi la pili. Na hukuwa peke yako kule nyuma: takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba 22% ya wasichana wa Tanzania wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba, kutoka 27% ya mwaka 2015/16.

Kipimo kimoja nakusihi ukifanye hata kabla ya mimba: kaswende. Watu hukidharau. Utafiti uliofanyika hapahapa Mwanza ukachapishwa mwaka 2002 uliwaangalia wanawake ambao hawakupimwa wakati wa ujauzito, ukakuta kwamba karibu nusu ya watoto waliozaliwa wafu katika kundi hilo walitokana na kaswende ya mama. Nusu! Tiba yake wakati wa ujauzito, ikigundulika mapema, ni sindano ya penisilini inayopatikana mpaka kwenye zahanati. Pimeni wewe na mume, pamoja na VVU, wingi wa damu, presha na kundi la damu. Kama kundi lako ni hasi, mwambie daktari kwamba ulishajifungua, kwa sababu mwili wako unaweza kuwa umeshatengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto mwenye kundi chanya, na hiyo humgusa mtoto wa pili zaidi kuliko wa kwanza. Na anza vidonge vya foliki asidi sasa, usisubiri mimba ionekane.

Kuhusu kuzaa kawaida au kisu, jibu langu halitakuwa la moja kwa moja, kwa sababu linategemea karatasi ambayo sijaiona. Nenda hospitali ulikopasuliwa uombe maelezo ya upasuaji wako. Ni haki yako. Mambo mawili ndiyo yanatakiwa: kwa nini ulipasuliwa, na kizazi kilikatwa wapi. Kovu la nje halisemi kitu. Unaweza kuwa na mstari mzuri wa kulala kwenye ngozi huku ndani kizazi kimekatwa wima, au mkato ulichanika zaidi wakati wa kumtoa mtoto aliyekuwa amekwama chini sana. Nasema kwa masikitiko kwamba nimepokea karatasi nyingi zilizoandikwa neno "upasuaji" tu, na mwanamke akabaki bila jibu kwa uzembe wetu sisi wenye kalamu. Usipopata maelezo, hilo nalo ni jambo la kumwambia daktari mapema.

Kama mkato ni wa kulala, sehemu ya chini ya kizazi, na hakuna kizuizi kingine, kujaribu kuzaa kawaida kunawezekana. Kwa ujumla kati ya wanawake 100 wanaojaribu baada ya upasuaji mmoja, 60 hadi 80 hufaulu. Aliyepasuliwa kwa sababu uchungu ulikwama hufaulu kwa kiasi kidogo kuliko aliyepasuliwa kwa sababu mtoto alitanguliza makalio, kwa mfano. Hatari kubwa ni kovu kufunguka katikati ya uchungu, jambo linalompata takribani mmoja kati ya 200. Ni wachache, lakini likitokea mtoto ana dakika tu, na mama anavuja damu kwa ndani. Kwa hiyo jaribio hilo hufanyika mahali penye chumba cha upasuaji, damu ya akiba na mtu wa kukuangalia usiku na mchana. Halifanyiki zahanati. Halifanyiki kwa bibi.

Na kama karatasi itasema nyonga ilikuwa finyu, au mkato ni wa wima, upasuaji utapangwa kabla uchungu haujaanza. Usiuone kama kushindwa. Ule wa kwanza ulifanyika usiku wa pili wa uchungu, kizazi kikiwa kimechoka na vijidudu vimeshaingia. Huu utafanyika umeoga, umefunga kula na umeshapewa dawa ya kuzuia maambukizi. Neno moja tu: kila upasuaji unaoongezeka huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza kwenye kovu katika mimba inayofuata, na hilo huleta kutokwa damu kwingi. Ndiyo maana ni vizuri wewe na mume mzungumze tangu sasa mnataka watoto wangapi, na katika kila mimba daktari aangalie kwa utrasaundi kondo limekaa wapi.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonitia hofu kuliko yote, nawe hukuliuliza. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Najua ukanda wetu huu, najua mikono inayozichemsha ni ya upendo. Zinafanya kazi, na hapo ndipo penye hatari: hukibana kizazi kwa nguvu ambayo hakuna anayeipima, na kizazi chenye kovu hupasuka. Nimemhudumia mwanamke aliyefika nazo tumboni. Tulimwokoa yeye, kizazi hatukukiokoa, na alikuwa hajatimiza miaka 23. Akikuletea kikombe mama mkwe, pokea kwa heshima, usinywe.

Panga kukaa karibu na hospitali wiki za mwisho, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito kama ipo. Dharura ikikukuta nyumbani, piga 115 bure: ndiyo namba ya mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ambao mizizi yake iko kwetu huku, Sengerema na Shinyanga, kabla haujasambazwa nchini. Uiandike ukutani, na mume aijue kwa kichwa. Safari hii bodaboda isiwe mpango wa kwanza.

Juu ya kungoja, wewe una nafasi nzuri. Wasichana wengi waliofiwa na mtoto wa kwanza husukumwa kushika mwingine haraka ili kufuta machozi, na takwimu za nchi nyingi zinaonyesha kwamba nafasi kati ya uzazi na uzazi huwa fupi zaidi mtoto aliyetangulia akifariki. Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja miezi 24 baada ya kuzaa mtoto hai kabla ya kushika mimba nyingine. Kwa aliyepoteza mtoto, utafiti wa mwaka 2019 uliotumia taarifa za Australia Magharibi, Finland na Norway haukuona kwamba kushika mimba ndani ya mwaka kunaongeza hatari ya kumpoteza mwingine. Lakini mwenye kovu la upasuaji ana hesabu yake: kovu linahitaji muda wa kukomaa, na aliyejifungua tena kabla ya miezi 18 tangu upasuaji yuko kwenye hatari zaidi ya kupasuka. Wewe umepitisha miaka mitatu. Ile sindano unayoilaumu ndiyo iliyolinda kovu lako.

Mimba ikishika, anza kliniki kabla ya wiki 12, lala kwenye chandarua, na meza dawa za SP za kuzuia malaria unapopewa. Malaria hushambulia zaidi kondo la mimba ya kwanza, kwa sababu mwili haujawahi kukutana na vimelea wa aina ile wanaojificha humo. Katika ya pili unakuwa na kinga kiasi, si kamili.

Na sasa wifi. Usifuate ushauri wake, hata kama anautoa kwa huruma. Ukisema kliniki kwamba ni mimba ya kwanza, unaweza kukosa kuwekwa kwenye kundi la wanaotakiwa kujifungulia hospitali, na akiona kovu muuguzi atajua umemficha kitu ila hatajua ni kipi. Ile kadi ina sehemu ya historia ya uzazi, na inauliza mambo matatu tofauti. Muuguzi akikuuliza hii ni mimba ya ngapi, jibu ya pili. Akikuuliza umezaa mara ngapi, jibu mara moja, kwa upasuaji, mwezi fulani, mwaka fulani. Akikuuliza watoto walio hai ni wangapi, hapo tu ndipo utasema hakuna. Na kama muda unaruhusu, mwambie pia alikuwa wa kike au wa kiume.